Chupa Namba Ishirini na Saba

Konsolata wa Bashay, kule Mbulu, alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Mpe ngwe ya kitunguu saumu apalilie, kabla jua halijageuka utalikuta shamba jeupe, na yeye amekaa kwenye tuta anakungoja umsifu. Sifa hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya uhudumu wa afya pale kijijini, na sifa hiyohiyo, jamani, ndiyo iliyomponza. Wengine huponzwa na uvivu. Huyu aliponzwa na kutaka kumaliza kabla ya Joakimu, mhudumu mwenzake.

Mkoa wa Manyara ulikuwa na kama miaka tisa hivi tangu ukatwe kutoka Arusha. Zamani kidonge ulikipata zahanati, tena kikiwepo. Sasa maduka ya dawa yalikuwa yameota kila penye mnada. Unakwenda Dongobesh na kondoo wako, unamwambia muuzaji magoti yanauma, unarudi na pakiti mfukoni. Wazee waliolima milima hii kwa jembe la mkono tangu ujana wao waliona neema imeshuka. Wakameza. Viwili vikishindwa, wakameza vinne, na hakuna aliyewauliza kitu.

Aliyekuja kuuliza ni Raudha, binti wa wafanyabiashara wa Katesh, aliyesoma mpaka akaitwa daktari ingawa hakuwa wa kuchoma sindano. Yeye alikuwa wa utafiti. Alitaka kujua wazee wa Mbulu wana nini mwilini: dawa gani, kiasi gani, na figo zao zinasemaje. Akaitisha mkutano nje ya zahanati, watu wakakaa kwenye majani, akawaeleza habari ya mashine, Joakimu akiwatafsiria wazee kwa Kiiraqw, lugha ya pale.

"Tunahitaji mkojo wenu kidogo tu, ule wa kwanza wa asubuhi," alisema. "Kule chuoni tunachukua tone moja, tunalichanganya na unga maalumu, tunalikausha juu ya bamba la chuma. Halafu tunalipiga na mwanga mkali wa leza. Ule unga unaumeza mwanga na kuruka, na chembe zote zilizokuwa kwenye mkojo zinaruka nao. Zinakimbia ndani ya bomba lisilo na hewa. Nyepesi inafika kwanza, nzito inafika nyuma, kama watoto wanaotoka shule. Kwa kuangalia kila moja imefika saa ngapi, mashine inajua uzito wake, na kwa uzito wake tunaijua ni chembe gani."

"Na pombe inaiona?" akauliza mzee Gidahosh, ambaye alikuwa jirani ya Konsolata.

"Inaweza kuona alama zake, babu."

Wee! Wazee watatu wakakumbuka palepale kwamba wameacha ng'ombe peke yao. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Raudha naye akacheka, kisha akasema kwamba chembe ndogondogo ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu ule unga nao una chembe zake ndogo zinazovuruga majibu, kwa hiyo wao hurudia na kurudia na kuhakikisha kwa mashine ya pili. Alisema siri ya kila mtu itakaa kwenye namba, jina halitaandikwa juu ya chupa. Na atakayeonekana figo zake zimeelemewa atapelekwa hospitali bure, kwa gari.

Konsolata alisikia kila neno. Alikuwa amekaa mbele kabisa, na fulana mpya ya utafiti ameshaivaa. Lakini kusikia ni kitu kimoja. Kichwani mwake, baada ya maneno yote yale, mkojo ulibaki kuwa mkojo.

Walipewa kazi wawili. Joakimu alichukua wazee wa upande wa juu, Konsolata akachukua ishirini na wanane wa upande wa chini. Kila mmoja alipewa kisanduku chenye barafu, chupa ndogo za mfuniko mwekundu na orodha ya majina na namba. Siku ya tatu asubuhi Konsolata alikuwa amebakiza chupa moja tu, namba ishirini na saba. Na mwenye namba hiyo alikuwa mzee Bura, baba yake Hermani mumewe.

Hapo ndipo palipokuwa na kisiki. Kwenye mji ule, mke wa mtoto hakukaa kiti kimoja na baba mkwe, hakupita mbele yake akiwa anakula, na mambo ya chini ya mkanda hayakutajwa kati yao hata kwa mafumbo. Miaka kumi na minne Konsolata alikuwa amempikia Bura, amemfulia makoti, na kila asubuhi "Shikamoo, baba," na "Marahaba, mwanangu," lakini hakuwahi hata kumwona akielekea chooni bila kugeuza uso. Leo aende amshikishe chupa, amwambie baba, naomba ukojoe humu? Aanzie wapi? Ulimi ungemkatikia mdomoni.

Utasema, si angemwomba Joakimu? Ndiyo, angemwomba! Joakimu angekwenda kwa dakika tano, yakaisha. Lakini Joakimu alikuwa mtu wa utani, na asubuhi ile alikuwa amepiga simu: "Mama Oliva, mimi nimebakiza mmoja, wewe vipi?" Konsolata akajibu, "Mimi nimeshamaliza." Neno likatoka, na likishatoka unalirudisha vipi? Akaichukua chupa namba ishirini na saba, akaingia nayo chooni mwenyewe, akaijaza. Akaipangusa kwa majani, akaipanga kwenye barafu kati ya ishirini na sita na ishirini na nane. Ilikuwa na rangi ileile kama zote. Akatoka anapiga mluzi, mtu mzima huyo.

Kitu ambacho hakukifikiria, au alikifikiria akakisukuma pembeni, kilikuwa ndani ya chungu cha mbegu za maharage, chini kabisa, kimefungwa kwenye kitambaa. Vidonge vya uzazi wa mpango. Konsolata alikuwa na watoto watatu, na huyo wa tatu nusura aondoke naye. Alitoka damu mpaka kitanda kikabadilishwa godoro, na nesi akamwambia wazi kwamba wa nne huenda asiishi kumlea. Hermani alilia siku ile. Lakini mwaka ulipopita akasahau, akaanza tena: mji una watoto watatu tu, watu watasemaje, na padri atasemaje. Konsolata hakubishana naye. Alikwenda Dongobesh ambako hakuna nesi anayemjua, akaanza kumeza kimoja kila siku. Mwaka wa tano huo, na Hermani alikuwa anaombea mtoto kila Jumapili na mkewe yuko pembeni anaitikia amina.

Miezi sita ikapita. Mahindi yakavunwa, kitunguu kikaanikwa. Mzee Bura akaanza kutembea taratibu zaidi, na viatu vyake vya matairi akavikata kamba kwa kisu ili miguu iingie. Konsolata aliviona. Alisema moyoni kwamba ni uzee.

Raudha aliporudi na majibu, alikaa kwenye kile chumba cha chanjo pale zahanati, akawa anaita namba moja moja. Aliye salama aliambiwa aende kwa amani. Aliyeelemewa alipewa karatasi, kesho gari limpeleke hospitali. Raudha hakujua Kiiraqw, na Joakimu alikuwa upande wa juu na orodha yake, kwa hiyo mkalimani alikuwa Konsolata. Aliifanya kazi vizuri, hata akawatania wazee kidogo. Gidahosh akapata karatasi yake, akatoka anaipeperusha kama mwenye bahati.

"Namba ishirini na saba," akasema Raudha.

Bura akaingia, fimbo yake mkononi, koti lake la mnada amelivaa. Kiswahili chake kilikuwa cha bei za ng'ombe na salamu, zaidi ya hapo hapana. Konsolata akamsogezea kiti, akainamisha macho, akaenda kusimama karibu na dirisha.

"Shikamoo, babu. Dada Konsolata, muulize dawa anazotumia."

Akamuuliza. Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa pakiti iliyokunjwakunjwa ya vidonge vya njano. "Hivi. Vinne kwa siku. Siku ya baridi, vitano. Mwaka wa tatu sasa."

Konsolata akatafsiri, kweli tupu. Raudha akakunja uso, akageuza karatasi zake, akatazama tena.

"Haiwezekani. Dawa hii ingeonekana bila shaka. Chupa yake haina hata chembe yake." Akashusha sauti. "Kuna jambo jingine, dada. Muulize kwa heshima, na lisitoke humu ndani. Kwenye mkojo wa babu kuna homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango. Tumerudia mara tatu. Tumepima kwa mashine ya pili. Ni yenyewe. Muulize kama kuna mtu amempa vidonge asivyovijua, maana kwa mwanamume wa miaka sabini na moja sielewi kabisa."

Konsolata alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na chumba kizima. Bura alikuwa anamtazama, anangoja tafsiri, mikono miwili juu ya fimbo, mpole kama mtu aliye kanisani.

"Anauliza," akasema Konsolata kwa Kiiraqw, "kama unalala vizuri."

"Mwambie nalala nimekaa," akajibu mzee. "Nikijinyoosha, pumzi inakatika. Sijamwambia Hermani. Mwambie yeye, ni daktari."

Na huyu mwanamke, Mungu amsamehe, akamgeukia Raudha akasema, "Anasema hapana. Hajui kitu."

Raudha akashusha pumzi. "Basi sampuli imeharibika, na sijui imeharibikia wapi. Naifuta. Mwambie namwomba radhi. Gari la kesho ni la wale wenye majibu ya hatari tu, na yeye hana majibu yoyote." Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya namba ishirini na saba.

Mzee hakuelewa maneno, lakini mstari aliuona. Akainama taratibu, akabonyeza mguu uliovimba juu ya kifundo, na alipoondoa kidole, shimo likabaki pale kwenye ngozi. Halikujaa. Konsolata akalitazama lile shimo, akangoja lijae, halikujaa.

"Gidahosh amepata karatasi," akasema Bura. "Mimi naenda naye kesho?"

Alikuwa anamuuliza yeye. Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani wa kumjibu.

"Daktari, usifute," akasema Konsolata kwa Kiswahili, na sauti ikamtoka ya ajabu. "Mkojo ule si wake. Ni wangu. Huyu ni baba mkwe wangu, niliona haya kumwomba. Nikajaza mwenyewe. Vidonge ni vyangu. Na hakusema hapana. Amesema halali, pumzi inakatika."

Kalamu ya Raudha ikabaki hewani. Uso wake ulibadilika taratibu, na Konsolata angependelea apigwe kofi kuliko kutazamwa vile.

"Mwambie na yeye," akasema Raudha. "Mwambie yote. Mimi siwezi kumwambia kwa niaba yako."

Basi akamwambia. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaongea akiitazama ile fimbo, maana uso hakuuweza. Aliitaja chupa, akautaja mkojo, maneno ambayo kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuyaweka kati yao. Alipofika kwenye vidonge, akasema ni vya kuzuia mtoto na kwamba Hermani hajui, na hapo akaanza kulia, si kilio cha kuombea huruma, ni kile cha kamasi na kwikwi kinachomfanya mtu aonekane mbaya.

Nje watu walikuwa wanacheka na Gidahosh.

"Siku ile niliamka kabla ya jogoo," akasema Bura. "Nilisikia kule mkutanoni kwamba unatakiwa ule wa kwanza. Kwa hiyo sikwenda haja. Nikabana. Nikakaa karibu na zizi mahali ambapo ungeniona ukipita. Ukapita kwenda kwa Gidahosh. Ukarudi. Ukaingia ndani, ukatoka na kile kisanduku, ukaenda zako. Nikasema labda atarudi. Nikabana mpaka jua likawa kali, tumbo likauma, nikashindwa."

Akafuta mdomo kwa mkono.

"Mimi nilidhani umeniruka. Nikasema, huyu mtoto ndiye ananipikia, anajua ninavyokula, ameshaona mimi wa kufa, kwa nini apoteze chupa. Sikukasirika. Niliona una haki."

Konsolata alitaka kusema hapana, baba, si hivyo, akatikisa kichwa tu. Bura akanyoosha mkono kwa Raudha, akaonyesha chupa zilizokuwa mezani. Raudha akampa moja. Mzee akatoka nayo akijikongoja, akaenda nyuma ya zahanati, na baada ya kitambo akarudi nayo imefunikwa vizuri. Hakumpa Raudha. Alimshikisha Konsolata mkononi, bado ina joto, akasema, "Haya. Ni mkojo tu, mwanangu."

Siku hiyohiyo Raudha alimwambia Konsolata avue fulana ya utafiti, kwa upole, lakini alimwambia. Chupa zake zote ishirini na nane zilitupwa, maana nani angejua ni ipi ya kweli? Wale waliokwisha kupewa karatasi wakaenda hospitali kupimwa upya, na wengine ikabidi waombwe mkojo tena. Raudha akamtaka aende nyumba kwa nyumba awaambie mwenyewe. Akaenda. Kila mlango alisema, "Nilidanganya chupa moja, zote zimeharibika, naomba msamaha." Mke wa Gidahosh alimkaribisha uji na kumcheka mpaka uji ukapoa. Joakimu hakumtania hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Chupa ilikuwa ya nani, na ndani kulikuwa na nini, hakuna aliyejua isipokuwa watu watatu wa kile chumba.

Bura alikwenda na lile gari. Daktari wa hospitali alisema figo zimebaki kidogo sana, vidonge vya njano vimezimaliza, aache leo hii. Akaongeza neno moja, kwa wema tu, hakujua anamwambia nani: "Laiti mngemleta miezi michache nyuma." Konsolata alikuwa kando ya kitanda, ameshika beseni. Alilishika hivyohivyo.

Akaishi mwaka mmoja na miezi minne. Konsolata alimwogesha, alimshika akienda haja, alibeba chungu chake cha usiku kila asubuhi akakimwaga bila kugeuza uso. Watu wa kanisa walimsifu, wakasema wanawake kama huyu wamekwisha. Kila aliposifiwa alitamani kukimbia. Bura hakulitaja tena lile jambo, si kwa neno wala kwa jicho. Na Konsolata aliendelea kumeza vidonge vyake kutoka kwenye chungu cha maharage, na kuitikia amina Jumapili.

Wiki mbili baada ya mazishi, wageni wote walipokwisha kuondoka, Hermani alimkuta jikoni anachambua maharage. Akakaa kwenye kigoda, kofia mkononi.

"Mama Oliva, kuna neno baba aliniambia siku zile za mwisho, nimelibeba, silielewi. Aliwafukuza watu wote nje, nikadhani atanigawia ng'ombe. Akasema, usimsumbue tena mkeo habari ya mtoto. Watatu wanatosha. Akaniapisha. Nikamuuliza kwa nini, baba, yeye mwenyewe amekwambia kitu? Akasema hapana, hajaniambia kitu, ni mimi ninavyotaka."

Hermani akaigeuzageuza kofia. "Baba hakuwahi kudanganya maisha yake yote. Lakini alipojibu vile hakunitazama machoni. Kwani kuna nini?"

Konsolata akashusha ungo. Maharage yakamwagika, akayaacha. Kwa wiki mbili zile alikuwa amejiambia kwamba siri ile imekufa na mzee, na alikuwa amepata hata usingizi. Kumbe mzee aliilinda mpaka kitandani mwa mauti, akatumia pumzi yake ile ya kukatikakatika kumdanganya mwanawe, kwa ajili ya mtu aliyeshindwa kumpa chupa.

Akainuka, akakivuta chungu cha mbegu kutoka pembeni, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akakitoa kile kitambaa. Akakiweka juu ya goti la mumewe.

"Usikifungue kwanza, baba Oliva," akasema. "Kwanza nikwambie habari ya chupa namba ishirini na saba."